Jina Kapuni: Mzigo Ambao Hakuna Shujaa Anayetaka Kuubeba

Leo kuna watu nataka kuwaanika hapa, ila kama kawaida yetu, jina kapuni. Tofauti ni moja tu. Siku zote tunaficha majina kwa sababu tunayajua na tunaogopa kuburuzwa. Hawa wa leo majina yao siyajui, na kwa jinsi mambo yalivyo sidhani kama kuna mtu anayajua.

Ngoja nianzie nyumbani. Magomeni, na nazungumzia Magomeni ya Mtwara, msije mkanipandia daladala za Dar bure. Tuna kikundi chetu cha watu sita, kila Jumamosi jioni tunakaa kibarazani kwa mshkaji mmoja, kuna ming'oko kwenye sahani, kuna soda, na tunacheza Dungeons & Dragons. Kwa wasiolijua: ni gemu la mezani. Halina ubao wa lazima, halina skrini. Mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mtu anakuwa mhusika, shujaa wa upanga au mchawi au mwizi wa kunyata. Unasema mhusika wako anafanya nini, unarusha dadu yenye pande 20, dadu inaamua kama umeweza au umeumbuka. Basi. Jamaa aliyetuletea alijifunza alipokuwa chuo Dar, akarudi na dadu seti moja na faili la sheria kwenye simu.

Sasa mwezi uliopita msimulizi wetu akachoka na mazimwi. Akasema, oya, kwa nini tunahangaika na misitu ya Ulaya ambayo hatujawahi kuiona wakati hapa kwetu palikuwa na vita vya kweli? Tucheze Ruvuma, mwaka 1917. Wote tukashangilia kinoma. Nikajichagulia askari mwenye bunduki, mwingine akawa mpelelezi, mwingine mganga wa mitishamba anayejua njia zote za uwanda wa Makonde. Ikaja zamu ya dada mmoja ambaye huwa haongei sana. Akauliza swali moja: "Mizigo anabeba nani?"

Hapo ndipo vita ya kweli ilipoanzia, pale kibarazani.

Kila anayecheza hizi gemu anajua kuna sheria moja ambayo ipo kwenye kitabu na hakuna anayeifuata: sheria ya uzito. Kila kitu ulichobeba kina uzito wake, ukizidisha unakuwa mzito, unachelewa, unachoka. Ipo tangu gemu lilipotoka mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walipolichapisha kwa mara ya kwanza, na wakati ule uzito ulipimwa kwa idadi ya sarafu za dhahabu. Vikundi vingi vinaipotezea. Nani anataka kukaa kwenye burudani anajumlisha uzito wa kamba na sufuria? Hata sheria za sasa ni za huruma mno. Kwenye toleo la tano, mtu wa kawaida kabisa, mwenye nguvu ya 10, anaruhusiwa kubeba ratili 150, sawa na kilo 68, na anatembea zake kama ameshika pochi. Akijeruhiwa akalala saa nane, anaamka mzima, pointi zote za uhai zimerudi.

Ubishi huu ni mkongwe. Gemu lilipoanza kupata umaarufu, kuna wachezaji walilalamika kwamba halina uhalisia, wakatengeneza ya kwao: Chivalry & Sorcery mwaka 1977, RuneQuest mwaka 1978, ambamo ukikatwa panga mkononi, mkono ndio unaoumia, si pointi zinapungua tu kwa ujumla. Gygax mwenyewe kwenye kitabu chake cha wasimulizi cha mwaka 1979 alijibu wazi kwamba yeye anatengeneza gemu la kujifurahisha, hatengenezi kioo cha maisha. Na mimi siku zote nilikuwa upande wake. Nafanya kazi wiki nzima, Jumamosi nataka kuwa shujaa, sitaki kuwa mtu mwenye maumivu ya mgongo. Hayo ninayo tayari.

Kitu kimoja cha kuchekesha, haya magemu yenyewe yalizaliwa na watu wa uhalisia. Babu yao ni Kriegsspiel, gemu la vita la Prussia, ambalo luteni mmoja anaitwa von Reisswitz aliliboresha kutoka kwenye kazi ya baba yake na kulifikisha kwa wakuu wa jeshi mwaka 1824. Ramani mezani, vipande vya kuwakilisha vikosi, dadu za kuamua hasara, na mwamuzi. Maofisa wa Kijerumani walifundishwa vita kwa gemu la mezani. Halafu Wajerumani ndio waliokuja kujenga boma pale Mikindani mwaka 1895, lile ambalo leo limefanywa hoteli, tunaenda kupigia picha. Kwa hiyo tukisema gemu na Ruvuma havihusiani, tunakosea kidogo.

Turudi kwa dada na swali lake. Msimulizi alimjibu kirahisi tu, "Wapagazi wapo, tusiwahesabu, tufanye wapo nyuma." Dada akasema, "Nyuma wangapi?"

Kimya. Ikabidi tushike simu, tusome. Wadau, nilichokisoma siku ile na siku zilizofuata sikukipenda.

Vita vya kwanza vya dunia huku kwetu havikuwa vita vya mahandaki kama vya kwenye filamu. Vilikuwa vita vya kutembea. Septemba 1916 meli za Kiingereza zilishusha wanajeshi Mikindani, kisha Lindi. Mwezi huohuo Wareno wakavuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wakapanda mpaka Newala. Oktoba 1917 ikapigwa Mahiwa, kule Lindi, siku nne za damu. Tarehe 25 Novemba 1917 jenerali wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, akavuka Ruvuma, akawavamia Wareno pale Ngomano na kuchukua bunduki na risasi zao. Mtu huyu ameandikwa kwenye vitabu kama shujaa wa porini, mjanja asiyekamatika. Kabla ya kuvuka alichuja jeshi lake: wagonjwa na waliochoka akawaacha nyuma wakamatwe. Akavuka na Wazungu wasiofika 300, askari Waafrika kama 1,700, na wapagazi kama 3,000.

Isome tena hiyo. Wenye mizigo walikuwa wengi kuliko wenye bunduki wote wakijumlishwa. Na hilo ni jeshi dogo, lililokuwa linakimbia.

Kwa nini watu, kwa nini si farasi au punda? Mbung'o. Huku kusini mbung'o waliua wanyama wa mizigo kama utani. David Livingstone aliliona hilo mapema: alishuka Mikindani mwaka 1866 akaanza kupanda upande wa Ruvuma akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa wa India, baghala na punda, na wengi wa wanyama hao wakamfia njiani. (Na mwisho wa habari yake mnaujua. Alipofariki mwaka 1873 huko bara, watu wake ndio waliomkausha, wakamfunga, wakambeba kwa miguu miezi kadhaa mpaka Bagamoyo. Chuma na Susi tunawajua. Waliobaki wengi jina kapuni. Shujaa mwenyewe alimalizia safari akiwa mzigo.)

Basi ikawa mabega ya watu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa jeshi ulikuwa kama kilo 25. Unaweza kusema, mbona chache, mimi gunia la kilo 50 nanyanyua. Kunyanyua, ndiyo. Wewe tembea nalo kuanzia alfajiri, kesho tena, keshokutwa tena, kwenye mchanga wa huku na mvua ya masika, na chakula cha kupimiwa.

Halafu kuna hesabu ambayo msimulizi wetu aliipiga kwenye karatasi, akajikuta amenyamaza. Tufanye mpagazi amebeba unga kilo 25, na yeye mwenyewe anakula kilo moja kwa siku. Kambi ya mbele iko siku kumi. Anakula kumi kwenda, inabidi awe na kumi za kurudia. Mzigo unaofika ni kilo tano. Kambi ikiwa mbali siku kumi na mbili na nusu, hafikishi kitu, amebeba chakula chake tu. Ndiyo maana jeshi likisonga mbele kidogo, wapagazi wanahitajika maelfu zaidi, au wanapunguziwa chakula. Mara nyingi vyote viwili.

Waliwapataje? Wengine kwa ahadi ya mshahara, wengi kwa kukamatwa tu. Serikali zote zilizopigana zilifanya hivyo, Wajerumani, Waingereza, Wareno. Kijiji kikisikia wanakuja, wanaume wanaingia porini. Na waliopatikana hawakufa sana kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, kichomi, njaa. Kwa upande wa Waingereza peke yake, idadi ya wapagazi waliokufa inayotajwa sana na wanahistoria ni kama 95,000. Neno Kariakoo, lile soko la Dar mnaloagizia viatu, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, kwa sababu kambi yao ilikuwa pale. Nairobi nako kuna Kariokor. Yaani tumebaki na jina la kikosi, watu wenyewe hawapo. Hata mishahara ya wengi waliokufa haikulipwa, kwa kuwa majina yaliandikwa ovyo na ndugu hawakupatikana, pesa zikabaki serikalini.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti kuhusu wenyewe, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda mpaka 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, wengine hawakukumbukwa kabisa. Ukipita Posta Dar, angalia Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Juu kabisa kasimama mtu wa bunduki na singe. Wapagazi wametajwa chini, kwenye maandishi. Nairobi angalau sanamu ziko tatu na mmojawapo ni mpagazi. Sijui Dar walibana bajeti ama vipi.

Kwa hiyo unaona dada alipokuwa anatokea. Alituambia baadaye, mama yake bibi yake alizaliwa vita vilipokuwa vinaingia huku, na baba wa huyo mtoto akachukuliwa kubeba mzigo. Hakurudi. Ukoo unajua hivyo tu. Hawajui alichukuliwa na upande gani. Jina lake bibi hana uhakika nalo, anataja mawili.

Mshkaji mmoja, yule mganga wa mitishamba, akawa mbishi. Na sitamlaumu, alisema nilichokuwa nawaza mimi. "Dada yangu, pole sana. Lakini hii ni gemu. Tukianza kuhesabu kuhara nani atarudi Jumamosi?" Dada akajibu kwamba kama tunataka ushujaa wa kujitungia turudi kwenye mazimwi, tusichukue watu wa kweli tukawaweka "nyuma". Tukaahirisha. Wiki hiyo grupu la WhatsApp lilikuwa kimya kama msibani.

Mimi nilijua dada ana haki, na bado nilikuwa nataka kuwa askari. Nikaenda kumsalimia bibi yake, pale Magomeni mtaa wa pili tu, nikitegemea atanipa hadithi ya majonzi niandike humu. Nikaamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, kaa." Nikamuuliza habari za wapagazi. Akasema hajui, yeye alizaliwa baadaye sana. Kisha akaanza kucheka. Akasema, alipokuwa mtoto kulikuwa na wazee wakicheza ngoma ya kijeshi. Filimbi, ngoma kubwa, kofia, wamejipanga mistari, fimbo begani kama bunduki. Mbele anatembea mzee mmoja kifua nje, anaamrisha. Wote wanamwita Jenerali. "Na yule," bibi akasema, akigusa bega lake mwenyewe, "alikuwa na sugu hapa, kama nundu ya ng'ombe. Ya mizigo ya Mjerumani."

Jamani. Hiyo ngoma ina historia yake, ni beni. Jina limetoka kwenye bendi, zile bendi za matarumbeta za wakoloni na za Sultani wa Zanzibar. Ilianzia pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, ikashuka mpaka kwetu, na vita vikaisambaza, kwa sababu askari na wapagazi walipotawanyika makwao walirudi nayo. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Tanganyika palikuwa na pande mbili kubwa, Marini na Arinoti, wakishindana kama Simba na Yanga: nani ana sare kali, nani ana gwaride limenyooka, nani kapika pilau kubwa zaidi. Na kila mmoja ana cheo. Mfalme, jenerali, kanali, daktari. Mchana huyu ni mpishi au kuli wa bandarini, jioni ni kanali, na wenzake wanampigia saluti kwelikweli. Matawi ya miji tofauti yaliandikiana barua, ukisafiri ukafika mji mgeni wenzako wa Marini wanakupokea, ukifa wanakuzika. Baada ya vita baadhi ya maofisa wa Kiingereza waliingiwa na hofu wakidhani ni njama za kisiasa. Wamisionari nao walinuna, eti watu wanamalizia pesa kwenye makofia.

Hebu niambieni hiyo ni nini kama si gemu la kuigiza wahusika. Karatasi ya mhusika hawana, ila cheo wanacho, sheria wanazo, timu pinzani ipo. Na kwa jinsi ninavyojua mimi, hawakuweka cheo cha mpagazi. Watu waliokuwa wanaujua uzito kuliko mtu yeyote duniani, waliojua kilo 25 inavyokata bega siku ya tisa, walipopata nafasi ya kucheza walifanya kama sisi. Waliitupa sheria ya uzito. Wakajipa ujenerali.

Hili lilinichanganya kwa siku kadhaa. Kwa sababu nilishaanza kukubali kwamba kupenda ushujaa ni utoto, ni kutojua. Kumbe yule mzee alijua kila kitu. Nani wa kumwambia acha kucheza jenerali, cheza ulichokuwa? Angekuzaba kibao na fimbo yake ya bunduki. Lakini nikamuuliza bibi jina la yule mzee ni nani. Akafikiri sana. "Jenerali," akasema. "Tulimwita Jenerali tu."

Mnaona tatizo. Aliucheza ushujaa vizuri mpaka jina likapotea ndani yake, na ushahidi uliobaki wa maisha yake halisi ni nundu ambayo mtoto wa miaka sita au saba aliiona akaikumbuka. Ushindi wa mzee upo, na hasara ipo, na mimi siwezi kuvipatanisha, na sitajifanya nimeweza.

Jumamosi iliyopita tukakutana tena. Nilisimulia ya bibi, yule mbishi akacheka kwa sauti halafu akaacha. Tukakubaliana hivi: askari ni askari, mganga na miti yake, lakini uzito unahesabiwa, wa kila mtu, kwa kilo, na dada anacheza mpagazi. Msimulizi akampa karatasi. Nguvu, wepesi, akili, anajaza. Alipofika kwenye jina akachora mstari. Msimulizi akasema hapana, gemu linataka jina, nitakuitaje? Akasema, "Niite utakavyoniita. Ila nikifika nikiwa hai nitakutajia." Mwanangu, hapo mezani kila mtu aliguswa. Ghafla tukawa na lengo ambalo si hazina wala zimwi.

Na nikiri, limekuwa tamu kuliko yote tuliyowahi kucheza. Nilitegemea hesabu ya mizigo itachosha. Kumbe ukijua mtu wako ana maji ya siku mbili, kila mti unaoutaja msimulizi unasikiliza. Tulibishana nusu saa kama tutupe sufuria au risasi. Mimi mwenye bunduki nikashika begi la unga kwa mara ya kwanza, kwa kuwa dada alirusha dadu akapata 3 na homa ikampanda. Mganga wetu mbishi ndiye aliyekesha naye.

Tumesimamia Newala, Novemba 1916, tumeirudisha hadithi nyuma mwaka mmoja. Wareno wamezingirwa ndani ya boma, na Wajerumani wameshika chemchemi. Walioenda Newala mnajua jinsi uwanda ule ulivyo, maji yako chini bondeni, na mteremko wake si wa mchezo. Kwenye historia Wareno walishindwa kiu wakakimbia kurudi ng'ambo ya Ruvuma mwishoni mwa mwezi. Sisi sita tuko kwenye msafara wao. Kuna ndoo nne, kuna bunduki tano, kuna mtu mmoja asiye na jina ambaye homa haijashuka, na mpaka tunaachana saa nne usiku hatukuwa tumekubaliana nani ateremke.